Hofu yenye Tarehe: Dini, Tiba na Suala la Punyeto

Waheshimiwa masheikh na maimamu, mapadri na wachungaji, walimu, wazazi, na wauguzi wenzangu:

Nawashukuru kwa kukubali kukaa katika chumba kimoja kulizungumza jambo ambalo kila mmoja wetu hulizungumza kwa kunong'ona, au halizungumzi kabisa. Mimi ni tabibu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwahudumia vijana. Sikuja kumfundisha sheikh fiqhi wala kumfundisha padri maadili. Nimekuja kuyatenganisha maswali mawili ambayo katika mazungumzo yetu yamechanganyika kiasi kwamba kijana hajui tena ni lipi anajibiwa. Swali la kwanza ni kama punyeto ni dhambi. Swali la pili ni kama inauharibu mwili. Swali la kwanza ni la kale, na kila dini imelijibu kwa hoja zake. La pili, kwa namna tunavyoliuliza leo, si la kale hata kidogo. Imani kwamba kitendo hiki kinapofusha macho, kinakausha uti wa mgongo, kinamaliza nguvu za kiume na kuleta wazimu haikuteremshwa katika Kurani, haimo katika Biblia, na wala haikutoka kwa wazee wetu wa jando. Ina tarehe, ina mji ilikozaliwa, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na mfanyabiashara nyuma yake.

Niyapitie haraka yaliyotangulia. Wamisri wa kale, katika maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi zao zaidi ya miaka 4000 iliyopita, walisimulia kwamba mungu Atumu aliizalisha dunia kwa mkono wake mwenyewe, wakatoka Shu na Tefnuti, na walilisimulia hilo bila haya yoyote. Madaktari wa Kigiriki waliogopa kupita kiasi katika mambo yote ya unyumba, ila hawakukitenga kitendo hiki peke yake kuwa chanzo cha maradhi. Galeni, ambaye vitabu vyake vilisomwa na Waarabu na Wazungu kwa zaidi ya karne kumi, alihofia zaidi mbegu iliyozuiliwa mwilini kuliko iliyotoka.

Biblia inamtaja Onani, mwana wa Yuda, katika sura ya 38 ya Mwanzo. Naomba tuisome sura hiyo kwa utulivu, maana imebebeshwa mzigo usio wake. Ndugu yake Onani amefariki bila mtoto, na desturi inamtaka amrithi mjane, Tamari, ili amwinulie marehemu uzao. Onani anakubali kumwingilia mwanamke yule, lakini anamwaga mbegu chini kwa sababu anajua mtoto hatakuwa wake. Hapo hapana kijana aliye peke yake chumbani. Yupo mwanamume anayemtumia mjane wa ndugu yake huku akimnyima haki yake na ya marehemu, na jamii zetu zilizojua kurithi wajane zinapaswa kuielewa hadithi hiyo kuliko wengi.

Kanisa la zama za kati halikuhitaji kisa cha Onani peke yake ili kukihesabu kitendo hiki kuwa dhambi. Mtawa Petro Damiani alimwandikia Papa Leo IX katikati ya karne ya 11 akikitaja miongoni mwa maovu aliyotaka yakomeshwe kwa mapadri. Mwanateolojia Thomas Aquinas, karne mbili baadaye, alikiweka katika kundi la dhambi zilizo kinyume cha maumbile, ingawa ndani ya kundi hilo alikipa nafasi ya chini kabisa kwa uzito. Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris mwanzoni mwa karne ya 15, aliwaelekeza mapadri jinsi ya kumuuliza muungamaji kwa upole hadi aseme. Angalieni walichokuwa wakikitafuta: toba. Mtu alipokea kitubio, akasali, akafunga, akarudi kwa watu wake. Hakuambiwa kwamba uti wa mgongo wake umekwisha kuyeyuka.

Katika Uislamu mjadala ulikuwa mpana zaidi, na inanisikitisha kwamba vijana wetu wa pwani husikia kipande chake kimoja tu. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, aliisoma aya ya Suratul-Muuminun inayowasifu wanaozihifadhi tupu zao isipokuwa kwa wake zao na wale wanaowamiliki, na inayosema kwamba wanaotafuta kinyume cha hayo ndio warukao mipaka. Kwa aya hiyo akaharamisha, na Wamaliki nao wakaharamisha. Imepokewa kutoka kwa Ahmad bin Hanbal kwamba alilinganisha jambo hili na kutoa damu iliyozidi mwilini, na wafuasi wake wakalihalalisha kwa anayechelea kuingia katika zinaa na hana uwezo wa kuoa. Baadhi ya wanazuoni wa Kihanafi walikwenda mbali zaidi, wakasema kwamba mtu akifika ukingoni mwa zinaa basi dogo hili linachukuliwa kuepusha kubwa lile. Ibn Hazm wa Andalusia, katika karne ya 11, alisema ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, wala si haramu, kwa kuwa hakuliona andiko la wazi linalokataza.

Sisemi haya ili kijana achague fatwa inayompendeza. Kila mtu ana madhehebu yake na mwalimu wake, na swali hilo ni la masheikh waliomo humu. Nasema ili tuone aina ya hoja iliyotumika. Walibishana juu ya aya, juu ya kiasi, juu ya dhara ipi ni ndogo kuliko ipi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, aliwahutubia vijana waziwazi: mwenye uwezo aoe, na asiyeweza afunge, kwa kuwa saumu ni kinga. Hayo ni maneno ya mtu aliyejua ujana ulivyo. Ama ile riwaya inayosomwa mno vibarazani, kwamba mwenye kuoa mkono wake amelaaniwa, wanazuoni wa hadithi wameihukumu kuwa dhaifu, na si haki kumtishia mtoto kwayo.

Kuna jambo jingine ambalo madrasa zetu zilikuwa nalo na shule zetu hazikuwa nalo. Mtoto wa Kishafii aliyekaribia kubaleghe alifundishwa mlango wa tohara kutoka katika vitabu vidogo vya fiqhi. Aliambiwa manii ni nini, yanatofautianaje na madhii (ute mwepesi unaotoka kwa ashiki), kwamba yakitoka josho linawajibika, na kwamba mwenye kuyatoa kwa makusudi mchana wa Ramadhani amefungua na anapaswa kulipa siku hiyo. Mwalimu aliyasema hayo mbele ya darasa zima kwa sauti ileile aliyofundishia udhu. Kijana alitoka pale akijua lililo haramu kwa madhehebu yake, na akijua pia la kufanya likimtokea. Naliona hilo kuwa heshima kubwa kwa mtoto, na sijui kwa nini tumeliacha lififie.

Sasa niifikie tarehe niliyoitaja. Karibu na mwaka 1712, jijini London, kilitokea kijitabu kisicho na jina la mwandishi, chenye kichwa *Onania*, kikitangaza kwamba punyeto ni dhambi ya kutisha na chanzo cha orodha ndefu ya maradhi: vidonda, kifafa, kukonda, utasa, kifo. Kijitabu kilichapishwa tena na tena, na kila toleo lilikuwa nene kuliko lililotangulia, kwa sababu kiliongezewa barua zilizodaiwa kutoka kwa wasomaji walioteseka. Ndani yake msomaji aliyekwisha kutetemeka aliambiwa kwamba dawa ipo: maji ya kuongeza nguvu, shilingi 10 kwa chupa, na unga wa kuleta uzazi, shilingi 12 kwa mfuko. Kwa London ya wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi. Mwanahistoria Thomas Laqueur, aliyelichunguza suala hili kuliko wengi, anamtaja John Marten, mganga aliyekuwa akiishi kwa kuuza dawa za maradhi ya sehemu za siri, kuwa ndiye mwandishi. Kwa hiyo hofu na chupa ya dawa zilizaliwa siku moja, mikononi mwa mtu mmoja.

Biashara ile ingeweza kufa na mwenyewe kama si daktari wa kweli, mwenye sifa njema Ulaya nzima, kuipa joho la elimu. Samuel-Auguste Tissot wa Lausanne, Uswisi, alichapisha kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1760. Tissot hakuwa tapeli. Alisadiki, kwa elimu ya utendaji wa mwili ya wakati wake, kwamba wakia 1 ya mbegu ikipotea hudhoofisha mwili kuliko wakia 40 za damu. Anamsimulia mtengeneza saa mmoja, kijana aliyekuwa na afya hadi umri wa miaka 17, ambaye yeye alimkuta amelala juu ya majani makavu kama maiti, amekonda, anatokwa damu puani, hana tena kumbukumbu, na ambaye alifariki mwaka 1757. Ukiyasoma maelezo yale leo unamwona mgonjwa mahututi ambaye maradhi yake hakuna aliyeyajua. Tissot aliona punyeto. Kitabu chake kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na kwa zaidi ya miaka 100 kila daktari aliyeshindwa kueleza kwa nini kijana anakonda alikuwa na jibu tayari.

Yaliyofuata katika karne ya 19 yananiumiza kama mtu wa tiba. Madaktari waliandika juu ya wazimu unaosababishwa na punyeto, kwa kuwa waliwaona wagonjwa wa akili wakiifanya hospitalini, wakalichukua lililo tendo la watu wengi kuwa chanzo cha ugonjwa wa wachache. Nchini Marekani, John Harvey Kellogg, ambaye jina la ukoo wake bado limo kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa, alishauri katika miaka ya 1880 kwamba mvulana atahiriwe bila ganzi ili maumivu yamfunze, na kwamba msichana apakwe asidi ya kaboliki kinembeni. Jijini London, daktari mpasuaji Isaac Baker Brown aliwakata wanawake vinembe akiamini kwamba anawatibu kifafa na hali aliyoiita histeria. Mwaka 1867 chama cha madaktari wa uzazi cha London kilimfukuza, na shutuma kubwa dhidi yake ilikuwa kwamba aliwafanyia wanawake upasuaji ule bila wao wenyewe au waume zao kuelewa kinachofanyika.

Niwaombe mkae na tukio hilo kidogo, kwa sababu linatugusa. Jomo Kenyatta, alipokuwa mwanafunzi wa anthropolojia London, aliandika kitabu juu ya Wakikuyu, watu wake, kilichotoka mwaka 1938. Humo anaeleza, bila kuona haya, kwamba kabla ya kutahiriwa ilihesabiwa kuwa ni sawa kwa wavulana kufanya punyeto kama matayarisho ya utu uzima, nje ya boma, chini ya mti au kichakani, mbali na macho ya wakubwa, na kwamba wakati mwingine walishindana. Baada ya tohara desturi hiyo iliachwa, na kijana aliyeendelea nayo alichekwa kama mtu anayeng'ang'ania utoto. Hakuambiwa mgonjwa wala mlaaniwa. Aliambiwa akue. Lakini Kenyatta huyohuyo anaandika kwamba kwa wasichana jambo hili lilihesabiwa ovu, na kwamba mojawapo ya sababu zilizotolewa za kukata kinembe ilikuwa kuwazuia wasijenge hisia mahali hapo. Kenyatta aliitetea desturi hiyo. Mimi siwezi kuitetea, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Daktari wa London na ngariba wa Kiambu hawakuwahi kukutana, hawakusoma kitabu kimoja, na wote wawili walifika kwenye mwili wa mwanamke na kisu. Kwa hiyo sitasema kwamba mila zetu zilikuwa na huruma na ubaya wote ukaja kwa meli. Kwa mvulana huruma ilikuwepo. Kwa msichana haikuwepo, na hadi leo, katika mikutano kama hii, tunapotaja vijana huwa tunamaanisha wavulana.

Hata hivyo fundisho la wazimu na kukonda lilikuja na meli kweli. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri alikofariki mwaka 1941, aliwaonya wavulana katika kitabu chake cha mwaka 1908 kwamba tabia hii huharibu upesi afya na moyo wa mtu, humdhoofisha mwili na akili, na mara nyingi humfikisha katika hospitali ya wendawazimu. Alikuwa akirudia aliyofundishwa na madaktari wa ujana wake. Mawazo ya namna hiyo yalisafiri na vitabu vya malezi, na mabweni ya shule, na wakuu wa shule waliokuwa wamelelewa humo, yakafika kwa watoto ambao babu zao walikuwa wamechekwa tu wakaambiwa wakue.

Huko yalikotoka, yalianza kuporomoka taratibu. Wachambuzi wa nafsi wa Vienna, pamoja na Freud, walilijadili mfululizo suala hili na kuchapisha mjadala wao mwaka 1912 bila kuafikiana. Kilichovunja ukimya hasa ni hesabu. Alfred Kinsey, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichapisha mwaka 1948 kwamba kati ya kila wanaume 100 aliowahoji, takriban 92 walikuwa wamewahi kufanya punyeto, na mwaka 1953 kwamba kwa wanawake walikuwa takriban 62. Wanatakwimu wamekosoa jinsi alivyowapata watu wake, na wana haki, ila hoja moja ilisimama: kama kitendo kinafanywa na karibu kila mwanamume na hospitali hazijajaa vipofu, basi nadharia ya Tissot imekufa. Mwaka 1972 chama cha madaktari wa Marekani kilitamka kwamba ni jambo la kawaida.

Dini hazikufuata tiba kwa hatua moja, na hazikulazimika kufuata. Vatikani, katika tamko la Desemba 1975 na kisha katika Katekisimu ya mwaka 1992, ilisisitiza kwamba tendo hili lina kasoro kubwa kwa asili yake. Lakini aya hiyohiyo ya Katekisimu, aya ya 2352, inamtaka mchungaji wa roho azingatie utovu wa ukomavu, nguvu ya mazoea, hali ya wasiwasi na mambo mengine ya nafsi na jamii yanayoweza kupunguza hatia ya mtu. Mapadri waliomo humu wanaijua aya hiyo. Nawaomba waisome yote wanapohubiri, maana vijana wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kusikia nusu yake ya pili.

Na msidhani kwamba Wamarekani walilimaliza jambo hili. Tarehe 1 Desemba 1994, Siku ya Ukimwi Duniani, Joycelyn Elders, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa daktari mkuu wa serikali yao, aliulizwa katika Umoja wa Mataifa kama punyeto inaweza kutajwa kwa vijana kuwa njia ya kuepuka ngono ya hatari. Alijibu kwamba ni sehemu ya maumbile ya binadamu na pengine ifundishwe. Siku chache baadaye Rais Clinton alimtaka ajiuzulu. Wakati ule, katika nchi zetu, tulikuwa tukizika.

Nimalizie na tulipo leo. Kijana mmoja dereva wa bodaboda aliketi mbele yangu, akatoa ndani ya jaketi chupa ya plastiki yenye maji ya kahawia na karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Karatasi ilisema dawa inatibu "madhara ya punyeto": mgongo, macho kuona ukungu, kusahau, maumbile kusinyaa, kuwahi kufika kileleni. Chini ilikuwapo namba ya simu. Alikuwa amenunua chupa ya tatu na alikuwa amekwisha kuuza simu yake. Mgongo ulimuuma kwa sababu alikaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku kwenye barabara mbovu. Macho yalihitaji miwani. Kilichomshinda chumbani na mchumba wake kilikuwa hofu yenyewe, kwa kuwa mwanamume anayekwenda kitandani akingoja kushindwa mara nyingi hushindwa. Niliisoma karatasi ile nikaona karibu maneno yaleyale ya London ya 1712, na mpangilio uleule: kwanza orodha ya maradhi, kisha bei.

Sitawaficha kwamba wapo wanaoteseka kweli. Wapo ambao tendo hili limewatawala hadi wanakosa kazi, masomo na ndoa, mara nyingi pamoja na picha za ngono kwenye simu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutambua mwenendo wa ngono usiozuilika kuwa tatizo la afya ya akili linalostahili tiba. Orodha hiyo inaongeza sharti ambalo ningependa kila mshauri nasaha alijue: dhiki inayotokana tu na mtu kujihukumu kimaadili haitoshi kumwita mgonjwa. Anayelia kwa sababu anaona amemkosea Mungu anamhitaji sheikh wake au padri wake. Anayeshindwa kuamka kwenda kazini anatuhitaji sisi. Wapo wanaotuhitaji sote wawili, na hao tutawahudumia vizuri endapo kila mmoja wetu atabaki kwenye elimu yake.

Kwa sababu hiyo nina ombi moja mahususi. Kijitabu tunachowagawia vijana katika semina zetu kina ukurasa wenye kichwa "Madhara ya Punyeto", unaotaja upofu, ugumba, wazimu na kusinyaa kwa maumbile. Hakuna ushahidi wa kitabibu wa hata moja kati ya hayo manne. Naomba ukurasa huo uondolewe kabla kijitabu hakijachapwa upya, na mahali pake ziwekwe kurasa mbili: moja iandikwe na masheikh na wachungaji, yenye hukumu za dini pamoja na njia za toba na subira wanazozifundisha, na nyingine iandikwe na wauguzi, yenye maelezo ya mwili kwa wavulana na kwa wasichana, na namba ya kliniki ambako mtu atasikilizwa bila kulipishwa. Rasimu ya ukurasa wetu wauguzi ninayo hapa, na nitawapitishia baada ya chai ili muisahihishe.